Sura ya Nne: Arosto na Hesabu ya Ubongo

Kati ya alasiri na magharibi, muuza kahawa hupita katika vichochoro vya Tandika na Mtoni akiwa ameshika birika lake juu ya jiko dogo la makaa, na kwa mkono wa pili akivigonganisha vikombe vidogo vya kauri ili waliomo ndani wapate kujua kwamba amefika. Na wazee walioketi barazani wakicheza bao au dhumna humpisha katikati yao, kila mmoja akapokea kikombe chake cha kahawa chungu na kipande cha kashata, na mazungumzo yaliyokuwa yameanza kulegea kwa uchovu wa mchana yakapata uhai upya. Hatua mia mbili kutoka barazani hapo, nyuma ya banda la mabati lililoachwa, pana maskani ambapo vijana wanne au watano wamejikunyata wakingojea kete ya unga, na mmoja wao anapiga miayo mfululizo, kamasi na machozi vikimtoka, ilhali hana mafua wala hakufiwa. Wazee hawapendi hata kutupa jicho upande ule. Walakini mimi namwomba msomaji azitazame pande zote mbili kwa pamoja, kwa kuwa kinachofanyika katika ubongo wa mzee anayekunywa kahawa na kinachofanyika katika ubongo wa kijana anayengojea unga ni mambo ya ukoo mmoja, yaliyotofautiana mno kwa ukubwa na kwa hatari, lakini asili yao ni moja. Na asiyelielewa la kwanza hawezi kulihukumu la pili kwa haki.

Ubongo wa mwanadamu una seli za neva takriban bilioni 86, na kila seli ina uzi wake ambao ujumbe wa umeme hupita ndani yake, katika nyuzi zilizo nene, kwa kasi iwezayo kufika mita 100 kwa sekunde. Mwishoni mwa karne ya 19 mabingwa wa elimu hii walibishana sana juu ya namna seli hizo zinavyokutana. Camillo Golgi wa Italia alishikilia kwamba zote zimeungana kama nyuzi za jarife moja la mvuvi. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania, akitumia njia ya kupaka rangi aliyoivumbua Golgi mwenyewe, akaona kwamba kila seli imesimama peke yake. Wakapewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja mwaka 1906, na hata siku ile ya heshima kila mmoja akabaki na kauli yake. Haki ilikuwa kwa Cajal. Kati ya seli na seli pana mwanya wa nanomita 20 hivi, mwembamba kiasi kwamba katika unene wa unywele mmoja wa kichwa ungeweza kuipanga mianya ya namna hiyo zaidi ya elfu tatu. Na mahali hapo pa kukutania, mwanya pamoja na kingo zake mbili, ndipo paitwapo sinapsi.

Mkazi wa Dar es Salaam hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Atokaye Kariakoo kwenda Kigamboni kwa njia ya zamani hupanda daladala hadi Magogoni, na hapo barabara hukoma ukingoni mwa maji. Basi abiria hushuka, huingia katika pantoni, huvuka, na ng'ambo ya pili hupanda gari jingine kuendelea na safari. Umeme wa seli ni kama gari lile, kwamba hufika ukingoni na kukoma. Unapofika, vijilango vya kalsiamu hufunguka katika ncha ya uzi, kalsiamu huingia, na vifuko vidogo mno ambavyo kila kimoja kimebeba maelfu ya molekuli za kemikali husogea hadi ukutani, huungana nao, na kumwaga shehena yao mwanyani. Kemikali hiyo ndiyo tarishi. Tarishi huvuka na kutua juu ya protini za seli ya pili ziitwazo vipokezi, nazo zikishaguswa hubadili umbo, na seli ile ama huamshwa ama hutulizwa. Na katika sinapsi zilizo za haraka yote haya hupita kwa muda unaokaribia sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kisha gati husafishwa, maana lisiposafishwa abiria wa safari ya pili hawatakuwa na pa kushukia: wako matarishi wanaovunjwa papo hapo na vimeng'enya, na wako wanaofyonzwa na kurudishwa seli walikotoka ili watumwe tena. Tangu mwaka 2016 Kigamboni imepata daraja pia, na ubongo nao una madaraja yake, mahali pachache ambapo umeme hupita moja kwa moja toka seli hadi seli. Lakini sehemu iliyo kubwa ya kazi yake ingali ikivuka kwa maji.

Kwamba tarishi huyu ni kemikali, jambo hilo lilibainishwa kwa moyo wa chura. Otto Loewi, aliyekuwa akifundisha elimu ya dawa katika mji wa Graz huko Austria, aliota usiku namna ya kulijaribu, akaamka akaandika maneno mawili matatu juu ya kikaratasi, na asubuhi asiweze kuusoma mwandiko wake mwenyewe. Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na mara hii hakungojea mapambazuko, akaondoka kwenda maabara gizani. Aliitwaa mioyo miwili ya vyura, iliyokuwa ingali ikidunda katika maji ya chumvi. Wa kwanza aliuacha na neva yake, akaichochea neva hiyo kwa umeme hata mapigo yakapungua; kisha akayachota maji yaliyokuwamo katika moyo ule akautilia moyo wa pili, usio na neva, nao ukapunguza mapigo vilevile, kana kwamba umeguswa na neva ambayo haikuwapo. Mlikuwa na kitu majini mle. Loewi alichapisha habari hiyo mwaka 1921, kitu chenyewe baadaye kikatambulikana kuwa ni asetilikolini, na mwaka 1936 alishiriki Tuzo ya Nobel na Henry Dale wa Uingereza. Nimeusoma mkasa huu mara nyingi, na kila mara hunishika wepesi wa vyombo vyake: vyura wawili, bakuli, maji ya chumvi, na waya wa umeme, vitu ambavyo shule yoyote ya sekondari ya Temeke ingeweza kuvipata.

Hapa pana jambo moja ambalo msomaji akilishika, mengine yote yatamwia mepesi. Asetilikolini ileile inayoupunguzia moyo mapigo yake ndiyo inayoikaza misuli ya mkono wa mpagazi anapoinua gunia, maana vipokezi vya moyo ni vya namna moja na vipokezi vya msuli ni vya namna nyingine. Tarishi hana maana aliyoibeba mwenyewe. Maana inakaa kwa mpokeaji. Kwa hiyo dawa iingiayo ubongoni, iwe imetoka duka la dawa au kibuyu cha mgema au kete ya maskani, haiji na raha ndani yake wala haiji na usingizi ndani yake. Huyakuta magati ambayo ubongo uliyajenga kwa ajili ya matarishi wake, ikatua hapo, au ikamzuia mwenyewe asitue, au ikachelewesha usafishaji, na ubongo ukaitikia kwa mambo yake ya siku zote.

Turudi barazani, kwa kuwa kahawa ndiyo mwalimu mpole kuliko wote. Seli zinapofanya kazi mchana kutwa hutumia nishati, na katika mabaki ya matumizi hayo hukusanyika adenosini, ambayo hutua kwenye vipokezi vyake na kuziambia seli zipunguze mwendo. Hiyo ni mojawapo ya sababu za usingizi kumlemea mtu kadiri alivyokaa macho. Kafeini iliyomo katika kahawa inafanana na adenosini kiasi cha kuweza kuvikalia vipokezi hivyo, walakini haifanani nayo kiasi cha kuviwasha. Hukaa tu, kama mtu aliyekikalia kiti cha mwenziwe, na adenosini ikija haina pa kuketi. Kahawa basi haimpi mnywaji nguvu: inaizuia habari ya uchovu isimfikie. Na ubongo haukai kimya mbele ya jambo hilo. Ukiona siku baada ya siku kwamba habari ile haifiki kwa kadiri yake, huongeza vipokezi ili ipate kusikika hivyohivyo, na mzee aliyetosheka kwa kikombe kimoja akajikuta anahitaji viwili.

Kila aliyezoea kahawa au chai ya rangi analijua tokeo la hesabu hiyo ijapokuwa hajui kuliita kwa jina, maana hulipata siku ya kwanza ya Ramadhani. Ifikapo adhuhuri kichwa humpwita nyuma ya macho, mwili ukawa mzito, na neno dogo la mtoto likamkasirisha. Akadhani ni njaa. Aghalabu si njaa. Vipokezi vilivyoongezwa kwa ajili ya kushindana na kafeini sasa viko wazi bila kafeini, adenosini imevijaa, na mishipa ya damu ya kichwani imetanuka kupita desturi yake. Na ndiyo sababu, kwa walio wengi, maumivu huisha baada ya siku chache ingawa saa za kufunga ni zilezile, kwa kuwa ubongo umekwisha kuipiga hesabu yake upya. Siku ya kwanza ya Ramadhani mzee wa barazani ana arosto, yaani dhiki ya kukikosa alichokizoea. Ni arosto ndogo, yenye heshima, isiyomwibisha mtu sufuria. Lakini ni arosto.

Lugha yetu ilikuwa na jina la afyuni tangu zamani: kasumba. Neno hili baadaye likahamia katika siasa na elimu, tukawa twasema kasumba ya ukoloni, kwa maana ya fikra iliyomkaa mtu hata haoni tena kuwa ni ya kigeni, na ni vigumu kupata maelezo mafupi ya uraibu yaliyo sahihi kuliko hayo. Afyuni ni utomvu wa ua la mpopi, na mwanzoni mwa karne ya 19 mfamasia kijana wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, aliitoa ndani yake mofini, ambayo hadi leo hakuna hospitali kubwa inayoweza kuwahudumia vyema wagonjwa wa saratani bila ya hiyo au mfano wake. Swali lililobaki kwa zaidi ya miaka 150 lilikuwa hili: kwa nini ubongo wa mwanadamu uuitikie utomvu wa ua? Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, walionyesha kwamba ubongo una vipokezi maalumu vinavyoishika mofini na jamaa zake. Na mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakifanya kazi Aberdeen katika Uskoti, wakatoa katika bongo za nguruwe kitu kinachovitumia vipokezi hivyo kwa haki, wakakiita enkefalini. Ua lilikuwa mgeni katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mwenyeji. Ubongo una afyuni yake wenyewe, nao huitoa kwa uchache, mahali panapohitajika na wakati unaohitajika, na kuiondoa upesi. Na aliyewahi kuumia ajalini akatembea hadi nyumbani kabla ya kuanza kuhisi uchungu ameonja kazi yake.

Unga wa maskani ni heroini, nayo heroini ni mofini iliyoongezewa vikundi viwili vya asetili. Ilitengenezwa mara ya kwanza London mwaka 1874, na kampuni ya Bayer ilianza kuiuza mwaka 1898, miongoni mwa mambo mengine kama dawa ya kikohozi. Nyongeza hiyo ndogo huifanya iyeyuke vyema katika mafuta, na kwa kuwa ukuta utengao damu na ubongo hauvukwi kwa urahisi ila na vitu vya namna hiyo, heroini huuvuka upesi kuliko mofini, na ikishaingia huvuliwa nguo zake ikawa mofini tena. Uhodari wake wote umo katika mwendo. Tarishi yuleyule anayekuja tone kwa tone mama anapojifungua, hapa mfano wake huja kama gharika katika muda wa sekunde, na kuyajaza magati yote kwa pamoja: ya uti wa mgongo yanayopitisha maumivu, ya utumbo yanayousukuma uyeyushaji, ya shina la ubongo yanayosimamia pumzi, na yale ya katikati ya ubongo ambayo nitayaeleza sasa hivi. Unga huo hutoka Afghanistan, hushuka pwani ya Makran, na kuvuka Bahari ya Hindi kwa majahazi, aghalabu ukiwa safarini kwenda masoko ya Ulaya. Walakini mzigo upitao katika nyumba ya mtu hauachi kuacha vumbi, na tangu miaka ya 1980 vumbi hilo limekaa Unguja, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam. Wengine huuvuta pamoja na bangi na tumbaku, wakauita kokteli; na ulipoenea unga mweupe uyeyukao kwa urahisi katika maji, wengi wakahamia sindano, na kwa sindano za kuazimana wakaambukizana virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Katikati ya ubongo pana seli zinazotoa dopamini, na kando yake pana seli nyingine zitoazo gaba, ambazo ni kama bawabu aliyewekwa kuzizuia za kwanza zisitoke ovyo. Afyuni humlaza bawabu usingizi, na dopamini ikatoka bila kipimo. Watu wamezoea kuiita dopamini kemikali ya raha, na mimi nalikataa jina hilo, kwa kuwa majaribio yaliyofanywa tangu miaka ya 1990 yameonyesha kazi yake iliyo nzito zaidi: dopamini huufundisha ubongo kwamba lililotokea sasa lina thamani kupita ilivyotarajiwa, na kwamba kila kilichokuwapo kando yake kishikwe. Basi hushikwa uchochoro, na karatasi ya fedha ya sigara, na harufu ya kiberiti, na uso wa rafiki, na hata mlio wa sarafu mfukoni. Kadiri siku zinavyopita raha yenyewe hupungua, maana ubongo umeizoea, lakini hamu huzidi, na vitu hivyo viwili ambavyo kwa mtu asiye mraibu hutembea pamoja vikaachana njia. Ndiyo maana mtu aliyekaa miezi sita katika nyumba ya upataji nafuu mbali na mji, akarudi amenawiri na familia ikamchinjia kuku, anaweza kushuka kituoni Mwananyamala, akauona ukuta ambao zamani alikuwa akiuegemea, na moyo ukaanza kumwenda mbio kabla hajawaza neno lolote. Jamaa zake husema amerogwa, au husema hakuwa na nia tangu mwanzo. Nia alikuwa nayo. Ila ukuta ule umeandikwa mahali ambapo nia haifiki upesi.

Sasa tumwendee yule kijana anayepiga miayo. Katika shina la ubongo, kila upande, pana fungu dogo la seli zenye rangi ya buluu-buluu, ambazo ndizo chimbuko la sehemu kubwa ya noradrenalini yote ya ubongo, na kazi yake ni kumweka mtu macho na tayari. Seli hizi zina vipokezi vya afyuni, na heroini ikifika huzinyamazisha. Zikinyamazishwa kila siku, mara tatu au nne kwa siku, nazo huongeza mitambo yake ya ndani ili zipate kufanya kazi chini ya uzito huo, kama hamali wa Kariakoo anayeukaza mwili kuusukuma mkokoteni wenye shehena mlimani. Na shehena ikiporomoka ghafla ilhali yeye bado anasukuma kwa nguvu ileile, mkokoteni humponyoka. Saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho shehena huporomoka. Seli zile hupiga kelele zote kwa mara moja, na kila jambo ambalo heroini ilikuwa ikilifanya sasa hurudi kwa kinyume chake: mboni zilizosinyaa hutanuka, tumbo lililofunga huharisha na kusokota, mwili uliokuwa na joto tulivu hutetemeka kwa baridi na vinyweleo vikasimama katika joto la Februari, na pua na macho vikatiririka. Hali huwa mbaya kuliko zote siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua katika muda wa wiki hivi, ingawa usingizi na utulivu huchukua muda mrefu zaidi kurudi. Hiyo ndiyo arosto. Kijana aliyefikia hapo hatafuti stimu tena. Stimu alikwisha kuikosa zamani. Anatafuta kuwa kama wewe na mimi tulivyoamka leo asubuhi bila kutoa senti.

Sisemi kwamba wizi wa sufuria ya mama si wizi. Nasema kwamba anayemwambia kijana huyo aache kwa kujikaza tu, anamwambia seli zake za buluu zijikaze, nazo hazisikii maneno.

Hesabu hiyohiyo ya ubongo ndiyo iuayo. Aliyezoea kiasi kikubwa, akakaa gerezani au kijijini miezi kadhaa bila unga, ubongo wake huvunja mitambo ile ya nyongeza kwa kuwa haina kazi. Naye akitoka hurudia kipimo chake cha zamani, na shina la ubongo, ambalo sasa ni kama la mtu mgeni, husahau kupumua. Iko dawa ya saa hiyo, naloksoni, ambayo huvishika vipokezi vya afyuni kwa nguvu kuliko heroini, ikaiondoa na kuketi bila kuwasha chochote, na mtu aliyekuwa amepauka midomo akavuta pumzi katika dakika chache. Lakini nguvu yake huisha ndani ya saa moja au moja na nusu, na heroini ikiwa bado imo mwilini usingizi wa mauti huweza kurudi, kwa hiyo aliyezinduliwa haachwi peke yake.

Na iko dawa ya kila siku, methadoni. Ilitengenezwa Ujerumani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na katikati ya miaka ya 1960 Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York waliionyesha dunia namna ya kuitumia kwa waraibu wa heroini. Ni afyuni, na hukalia vipokezi vilevile na kuviwasha. Anayesema kwamba ni kubadilisha unga kwa unga ameona nusu ya jambo. Nusu ya pili ni mwendo. Ikinywewa, methadoni hupanda polepole kwa muda wa saa mbili hadi nne, haileti gharika, bawabu wa dopamini hashtukizwi. Kisha hushuka polepole zaidi, kwa kuwa mwili huhitaji takriban siku nzima kuiondoa nusu yake. Seli za buluu hupata uzito ule zilioujengea mitambo, lakini uzito usioporomoka. Na heroini ikija juu yake hukuta vipokezi vingi vimekwisha kukaliwa na ikakosa nguvu. Mtu husimama mahali pamoja, kutwa na usiku kucha, na katika kusimama huko hupata nafasi ya kutafuta kazi, kunywa dawa zake za virusi vya UKIMWI, na kuijenga nyumba upya.

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki yake ya methadoni Februari 2011, ya kwanza ya umma katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Ikafuata ya Mwananyamala mwaka 2012 na ya Temeke mwaka 2014, ili watu wa Kinondoni na watu wa Mbagala na Tandika wasilazimike kuvuka mji kila asubuhi. Kila asubuhi, nasema, pamoja na Jumapili na sikukuu: mtu hufika dirishani, hutajwa, hupimwa dozi yake ya maji, huinywa mbele ya mtoaji, akasema neno ili ionekane kwamba imeshuka, na kuondoka. Nauli ya daladala ya kwenda na kurudi, siku 365 kwa mwaka, kwa mtu asiye na kazi, ni mzigo ambao kwa maoni yangu haujapewa uzito unaostahili, na wengi waanguka njiani kwa sababu yake wala si kwa sababu ya dawa. Mwanzo dozi huwa ndogo na huongezwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa methadoni hujikusanya mwilini siku hata siku, na aliyeharakishwa huweza kuzidiwa siku ya tano kwa kiasi kilichoonekana salama siku ya kwanza.

Liko jambo jingine ambalo katika mitaa yetu, yenye kifua kikuu kingi, kila mhudumu wa dirisha lile analazimika kulijua. Rifampisini, mojawapo ya nguzo za tiba ya kifua kikuu, huliamuru ini liongeze vimeng'enya vyake, na ini lililoamriwa hivyo huivunja methadoni kwa haraka kuliko zamani. Nevirapini na efavirenzi, dawa mbili zilizotumiwa sana nchini kwa wenye virusi vya UKIMWI, hufanya vivyo hivyo. Mtu aliyekuwa ametulia kwa dozi ile kwa mwaka mzima huanzishiwa dawa za kifua kikuu, na baada ya siku chache akaanza kuamka usiku akitokwa jasho. Akija kulalamika ni rahisi kumdhania kwamba anataka aongezewe ili alewe, na akidhaniwa hivyo hurudi maskani, na huko huacha methadoni na dawa za kifua kikuu kwa pamoja. Hali kadhalika tiba ya kifua kikuu ikiisha, ini hurudi katika mwendo wake wa kwanza, na dozi iliyoongezwa haina budi kushushwa taratibu kabla haijamlemea.

Hakuna kipimo cha damu kinachohitajika kwanza ili kutofautisha madai ya kweli na ya uongo, iko saa. Anayekunywa saa mbili asubuhi na dozi ikamtosha hufika dirishani kesho yake saa ileile akiwa mtulivu. Ini likishika mwendo, dhiki huanza kumjia alfajiri, kisha usiku wa manane, kisha mapema zaidi, na kurudi nyuma huko kwa saa ndiko kunakoeleza kadiri ya kuongeza. Mhudumu ajuaye kazi yake hamuulizi mtu huyo kama anasema kweli.

"Kaka, arosto inakuamsha saa ngapi?"

"Wiki iliyopita saa kumi na moja, sista. Jana saa nane usiku."

Naye huchukua faili, na kuiandika saa hiyo.